Kipanya Kilichokatwa Mkia
Mwaka 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart alionyesha hadharani kifaa cha kuongozea kishale cha kompyuta. Kifaa cha kwanza cha namna hiyo, alichokiunda Bill English mwaka 1964, kilikuwa kijisanduku cha mti chenye magurudumu mawili. Na kwa kuwa waya wake ulifanana na mkia, kiliitwa panya. Katika Kiswahili tukapata kipanya, na wengine puku.

Baadaye magurudumu yaliipisha gololi, gololi ikaupisha mwanga, na mkia ukakatwa, mawimbi ya redio yakashika mahali pake. Jina limebaki, bali hitilafu zimebadilika. Zamani kishale kiliposita, gololi ilitolewa ikafutwa vumbi. Katika kipanya kisicho na waya, kusita aghalabu hutokana na betri dhaifu au kipokezi kilicho mbali. Kurukaruka huweza kuletwa na meza ya kioo, inayouvuruga mwanga.

Basi mfasiri aandikaye “kipanya kimeharibika” kwa kila hali humfanya msomaji atupe kifaa kizima. Jina la kifaa tumekwisha kulipata. Sasa tuyapatanishe majina ya maradhi yake.