Kabla ya kupiga Kiwi buti zako

Wasee, masika inabisha hodi. Machi ikifika hapa Kileleshwa, udongo mwekundu hutoka kwa kila mjengo na kushika kila kitu: tairi, ngazi, pindo la suruali. Kwa hivyo buti zilizolala chini ya kitanda tangu mvua za vuli zinatolewa, zikiwa na vumbi na koga. Na nani ataitwa azisafishe? Mara nyingi ni dada wa nyumbani. Mimi nasema zisafishe mwenyewe, na sababu yangu kubwa ni historia.

Tuanzie tao. Kenyatta Avenue kuna sanamu tatu za shaba ambazo watu huzipita kila siku bila kugeuza shingo. Ni ukumbusho wa wanaume waliotumikia jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918. Chini yake kuna maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na yanasema wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi.

Sasa fikiria hiyo miguu. Wapagazi walibeba chakula, risasi na mizigo ya maofisa hadi ndani kabisa ya koloni la Wajerumani, nchi tunayoiita leo Tanzania bara. Wengi wao walitembea pekupeku. Hata askari wengi wa King's African Rifles, wale wa kushika bunduki, walipigana vita hivyo bila viatu. Funza na vidonda vya miguu vilikuwa sehemu ya safari. Rekodi rasmi zilihesabu zaidi ya wapagazi 40,000 waliokufa, na wanahistoria wengi wanaamini idadi halisi ni kubwa kuliko hiyo. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na lishe mbovu. Jeshi liliwaita miguu yake, lakini halikuwavisha viatu.

Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Jina hilo ukilitamka kwa ulimi wetu unapata Kariokor, na Dar es Salaam wakapata Kariakoo. Leo ukienda soko la Kariokor utawakuta mafundi wakikata ngozi na kushona sandali. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, lakini mimi kila nikipita pale nawaza: mahali palipopewa jina la watu wa pekupeku ndipo Nairobi inaenda kutafuta viatu vya ngozi.

Halafu angalia hicho kikopo cha Kiwi mkononi mwako. Kiwi ilianza Melbourne, Australia, mwaka 1906. Mwenyewe, William Ramsay, aliipa jina la ndege wa New Zealand, nchi alikotoka mkewe. Vita vile vile ndivyo vilivyoitangaza, kwa sababu jeshi la Uingereza lilihitaji rangi ya viatu kwa wingi. Kwa hivyo vita ni vimoja: huku mtu anang'arisha buti yake, kule mwingine anapasuka nyayo akibeba mzigo wa mwenye buti.

Vita vikaisha, mpango ukahamia majumbani. Wakati wa ukoloni, mitaa ya magharibi ya Nairobi ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika aliyelala upande huu kwa kawaida alikuwa mfanyakazi wa nyumbani, akikaa kwenye chumba cha nyuma ya nyumba ya mwajiri. Aliitwa boi hata akiwa na wajukuu, na kusafisha viatu vya bwana ilikuwa kazi yake. Leo bangalo zinabomolewa, maghorofa yanapanda, lakini soma tangazo lolote la nyumba ya kupanga huku Kileleshwa uone kama hujakutana na herufi DSQ. Chumba cha mfanyakazi bado kipo, kimepandishwa ghorofa tu.

Kuna mtu ataniuliza: kwani unataka wale wasee wa brashi pale tao wakose riziki? Hapana. Yule ana kazi yake, ana bei yake, na akichoka anafunga. Mpelekee buti zako, umlipe, umsalimie kama mtu mzima. Ninayemzungumzia ni dada wa nyumbani anayewekewa buti zenye matope mlangoni bila neno, saa tatu usiku, na mtu mwenye mikono miwili na miaka ishirini. Kazi hiyo mlikubaliana lini?

Na wala si ngumu. Toa kamba. Kama matope ni mabichi, yaache yakauke, kisha yatoe kwa brashi kavu. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Koga ifutie nje ya nyumba, kwa siki iliyochanganywa na maji. Jaza magazeti ndani, uyabadilishe yakilowa, na uanike kivulini, maana jua kali au moto wa jiko hukausha ngozi mpaka ipasuke. Zikikauka kabisa, paka Kiwi kidogo, hasa kwenye mishono ambako maji huingilia. Ngoja dakika kumi, kisha piga brashi. Kama ni ile ngozi ya manyoya mafupi, Kiwi achana nayo kabisa. Tumia brashi kavu.

Nusu saa imeisha, na mikono yako ni mieusi. Hiyo rangi haitoki haraka, hata kwa sabuni. Ukiwa hapo sinki unasugua kucha, hesabu ni jozi ngapi za viatu ziko nyumbani kwenu, na ni mikono ya nani imekuwa ikibaki hivyo.