Hazina ya Kariokor

Harufu ya nyama choma hukupokea kabla hujaingia soko la Kariokor, Nairobi. Ndani, fundi wa akala amebana kipande cha tairi kuukuu chini ya goti, anakikata kwa kisu alichochovya majini ili mpira usikikamate. Jirani yake vyondo vinaning'inia. Jina la mtaa huu ni Carrier Corps iliyotafunwa na ndimi zetu: kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, kilichokuwa na kambi hapa. Dar es Salaam wana pacha wake, Kariakoo.

Wapagazi walibeba unga, risasi na majeruhi wakimwandama kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, hadi Msumbiji. Mwaka 1917 afisa wa kikoloni John Ainsworth alisimamia msako mkubwa wa vijana, machifu wakalazimika kuwatoa. Hesabu ya serikali yenyewe ilitaja makumi ya maelfu ya wapagazi waliokufa, wengi kwa kuhara damu na malaria.

Hazina ya kulindwa Kariokor ilikuwa daftari: jina la mpagazi, namba yake na kwao. Daftari likikosea, ujira wa marehemu haumfikii mamake. Na lilikosea mno, maana majina ya Kikamba na Kijaluo yaliandikwa na waliosikia nusu. Fedha nyingi zikabaki bila wenyewe. Oscar Watkins, aliyekiongoza kikosi, alipigania ziwafae Waafrika, London ikakataa.

Sanamu tatu za shaba za ukumbusho wa vita hivyo, za mwaka 1928, kwenye barabara tunayoiita sasa Kenyatta Avenue, zinaahidi kwa lugha tatu, Kiswahili kimojawapo, kwamba wana watayakumbuka majina ya baba zao. Zizunguke utakavyo, hutakuta jina hata moja. Kejeli hiyo imesimama juani karibu karne nzima.

Mapema mwaka 2025 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitangaza kuwa nyaraka zilizodhaniwa zimepotea zilikuwa zimetunzwa na jeshi la Kenya, zikiwa na majina zaidi ya 3,000 ya waliokufa. Familia moja ya Ukambani ndipo ikajua siku aliyofariki kijana wao, aliyeondoka nyumbani karne moja na ushei iliyopita.