Mgeni na Mwenyeji: Ongezeko la Watu Kati ya Kamukuywa na Kitale na Usomaji wa Siku Njema

Riwaya ya Siku Njema (1996) ya Ken Walibora husomeka kwa urahisi kama kisa cha kijana amtafutaye baba. Kongowea Mswahili anatoka Tanga na mwisho wa safari yake ni Kitale. Usomaji huo una msingi, ila unaacha swali moja bila jibu: kwa nini Kitale? Makala haya yanadai kwamba jibu limo katika historia ya namna watu walivyoongezeka katika nchi hiyo.

Soko la Kamukuywa, lililo kando ya barabara itokayo Webuye kwenda Kitale, ni mahali pafaapo kuanzia. Upande mmoja ni Bungoma, nchi ya koo za Wabukusu. Upande wa pili ni Trans Nzoia, ambako wafugaji wa Kisabaoti na Kisengwer walinyang'anywa malisho yao ili walowezi wapate mashamba. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia walowezi waliongezeka, na reli ilipofika Kitale mwaka 1926 mahindi yalipata njia ya soko. Mashamba hayo yalihitaji mikono. Wabukusu na wengineo waliingia pamoja na wake na watoto wao, wakawa maskwota: walilima na kulisha mifugo kwa malipo ya siku za kazi, bila haki yoyote juu ya ardhi. Sheria ya 1937 iliwezesha mifugo yao kupunguzwa na siku za kazi kuongezwa. Hapana budi kukumbuka kwamba Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde, iliyopigwa marufuku mwaka 1948, ilipata wafuasi miongoni mwa watu wa aina hii.

Kuanzia mwaka 1962 mashamba ya walowezi yalianza kugawanywa kwa Waafrika, na wanunuzi wakatoka pande nyingi za Kenya. Wakati huohuo uzazi ulikuwa mkubwa mno. Mwishoni mwa miaka ya sabini mwanamke wa Kenya alikadiriwa kuzaa watoto wapatao 8. Kufikia 2022 wastani ulikuwa umeshuka hadi 3.4. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 990,341 Trans Nzoia na 1,670,570 Bungoma. Shamba lililomtosha baba halikuweza tena kuwatosha wanawe wote, na swali la nani mwenyeji likapata makali. Katika ghasia za 1991 na 1992, zilizoambatana na kurejeshwa kwa mfumo wa vyama vingi, neno "mgeni" lilitosha kuchomesha nyumba. Waliofukuzwa walikuwamo waliozaliwa papo hapo.

Walibora, aliyekulia Trans Nzoia, alichapisha riwaya yake miaka michache tu baadaye. Yafaa basi safari ya Kongowea itazamwe upya. Katika jamii ambamo ardhi na ukoo hufuata upande wa baba, kumtafuta baba ni kutafuta pia haki ya kuitwa mwenyeji. Kijana huyu anawasili hana shamba wala jirani wa utotoni. Alicho nacho ni damu isiyoonekana kwa macho na Kiswahili, lugha isiyomilikiwa na ukoo wowote wa Kitale, lakini ambayo bila yake mji huo wa wahamiaji haungeweza kufanya biashara wala kuoana.

Si kusudi la hoja hii kuigeuza riwaya kuwa daftari la sensa. Sensa huhesabu watu mahali walipo, bali haisemi ni nani anayekubaliwa kuwapo. Hapo ndipo fasihi inapoingia. Siku Njema inampeleka mtu wa Pwani mahali ambapo karibu kila familia ina kumbukumbu ya kuhamia, na kumwuliza msomaji ni vizazi vingapi vinahitajika ili mgeni aache kuitwa mgeni. Kwa wakazi wa Kamukuywa na Kitale, swali hilo limekwisha kulipiwa kwa damu.