Ushuru wa Maskati na Vita vya Nyota

Mwaka 1999 George Lucas alipotoa filamu yake The Phantom Menace, kusimulia chanzo cha hikaya ya Star Wars ambayo walimwengu walikwisha kuijua mwisho wake tangu miaka ya 1977 hadi 1983, wapenzi wengi wa Marekani na Ulaya walitoka senema wakinung'unika kwamba vita vya nyota vimeanzishwa na jambo kavu mno, nalo ni ugomvi wa kodi katika njia za biashara, na jumuiya ya matajiri wanaoizingira kwa merikebu zao sayari ya Naboo. Walakini mpenzi wa filamu hizo aliye Maskati, khasa yule ambaye wazee wake walirejea kutoka Unguja baada ya Sayyid Qaboos kushika dola ya Oman tarehe 23 Julai 1970, nao wakaja na mazoea yao ya senema za huko, Majestic na Sultana, hana la kustaajabia hapo, madhali dola ya mababu zake nayo ilisimama juu ya forodha.

Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Unguja tangu 1806 hata alipofariki baharini mwaka 1856, safarini kutoka Oman kwenda Unguja, alijua vyema kuwa nguvu ya merikebu za vita hulishwa na ushuru wa merikebu za biashara. Mwezi wa Septemba 1833, hapo hapo Maskati, alitiliana mkataba na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, uliowawekea wafanyabiashara wa nchi hiyo ushuru wa tano kwa mia. Na mwaka 1840 jahazi lake Sultana, lililoongozwa na Ahmad bin Naaman, likatia nanga New York likiwa na tende, karafuu, pembe na kahawa. Forodha ya Unguja ilikodishwa kwa miaka mingi kwa nyumba ya Jairam Shivji, Mhindi wa Kachi, ambayo pia iliwakopesha watawala fedha. Na dola hiyo ilipogawanywa baina ya Maskati na Unguja mwaka 1861, jambo lililoamuliwa na Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa Bara Hindi, lilikuwa ni mali vilevile: Unguja iilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka.

Tena katika filamu hiyo yuko mtoto Anakin, aliyezaliwa mtumwa, akakombolewa kwa kamari ya mashindano huku mamaye akiachwa utumwani. Asiyeujua mwisho wake mwovu atamwonea huruma tu. Aujuaye huuliza ni dhulma gani iliyomlea. Na swali hilo halimwepuki Mzanzibari wa Maskati, kwa kuwa karafuu zilizoleta utajiri zilichumwa na mikono ya watumwa, na soko lao la Unguja halikufungwa ila mwaka 1873, zama za Sayyid Barghash.

Kwa hiyo upungufu wa Lucas mimi nauona pengine. Ameutaja ushuru, kisha akaukimbilia upanga: hatuambiwi ni bidhaa gani zipitazo, nani amkopeshaye mtawala, wala deni hilo humfunga vipi mkono wake. Wenzetu walilalamika kuwa filamu ina hesabu nyingi; aliyelelewa na habari za forodha angelitaka afunguliwe daftari zaidi.