Jogoo wa KANU bado yuko mfukoni mwako

Chomoa ile sarafu mpya ya mbao. Upande mmoja kuna ndovu. Geuza sasa. Kuna nembo ya taifa: simba wawili wameshika ngao, na kwa hiyo ngao kuna jogoo mwenye shoka.

Mbona kuku kwa nchi ya simba? Tunaambiwa jogoo ni mapambazuko, ukoloni umeisha, amkeni mfanye kazi. Maana poa sana. Lakini jogoo pia ni alama ya KANU, chama kilichotawala kutoka uhuru 1963 mpaka 2002, na watu waliwekwa ndani kwa kukipinga.

Katiba ya 2010 ikakataza picha ya mtu yeyote kwa pesa. Sarafu za 2018 zikaja na twiga, kifaru, simba na ndovu. Marais wakatoka, jogoo akabaki.

Mimi ningemwacha. Kuku hufugwa karibu kila boma, si mali ya chama. Lakini tufunzwe hadithi yote, si nusu ya mapambazuko pekee. Alama ni yetu tukijua imetoka wapi.

Wewe je, ungemtoa ama abaki?