Dawa Moja Haitoshi

Mwaka 1947 streptomisini ilikuwa adimu Uingereza. Baraza la Utafiti wa Tiba likawagawa wagonjwa 107 wa kifua kikuu kwa bahati nasibu: 55 wakachomwa sindano za dawa hiyo mpya, 52 wakabaki na tiba ya siku zote, yaani kulala kitandani na kupumzika. Baada ya miezi sita, kundi la kwanza lilikuwa limepoteza wagonjwa 4, la pili 14.

Furaha haikudumu. Makohozi ya wengi yakaanza kuonyesha bakteria wasioiogopa tena dawa. Miaka mitano baadaye, 32 kati ya wale 55 walikuwa wamefariki. Katika kundi lisilopata sindano walikuwa 35.

Hesabu inaeleza. Pafu lililotobolewa na ugonjwa huweza kubeba bakteria milioni mia moja. Katika kila milioni hivi, mmoja huzaliwa akiwa na kinga dhidi ya streptomisini. Dawa haimfundishi usugu. Inawaua majirani zake na kumwachia nyumba. Ila bakteria anayehimili dawa mbili tofauti kwa pamoja ni mmoja katika milioni milioni, idadi ambayo pafu halina nafasi ya kuibeba. Ndiyo maana dawa ya PAS, dhaifu ikiwa peke yake, ikawa mlinzi mzuri wa streptomisini. Mwaka 1952 ikaongezeka isoniazidi.

Likabaki tatizo la muda. Tiba ilichukua miezi 18 au zaidi, na nani ataendelea kumeza dawa mwaka mzima baada ya kikohozi kukoma?

Jibu lilitafutwa huku kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia zilishirikiana na Baraza lile kujaribu tiba ya miezi sita. Waliopewa streptomisini na isoniazidi tu, karibu watatu kati ya kila kumi waliugua tena. Walioongezewa rifampisini, wachache sana. Pirazinamidi nayo ilisaidia. Dawa hizi mbili ziliwafikia bakteria waliolala, ambao zile za zamani ziliwapita.

Tiba ya miezi sita inayotolewa katika zahanati zetu imetokana na majaribio hayo. Ripoti zake hazitaji majina ya wagonjwa. Zinataja idadi yao, na idadi ya waliopona.