Mali Bila Daftari: Somo la Uchumi kutoka Nachingwea

Mwalimu wa uchumi aliyeko Nambambo, wilayani Nachingwea, hana haja ya kuazima mifano ya mbali. Wilaya hiyo ilikuwa uwanja wa mojawapo ya majaribio makubwa ya kiuchumi ya ukoloni.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyopungukiwa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ilianzisha mpango wa karanga. Ilikusudiwa kulima zaidi ya ekari milioni 3, na nchini Tanganyika zikachaguliwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea ilijengwa reli, pamoja na bandari ya Mtwara. Mpango ulivunjwa mwaka 1951, ukiwa umeteketeza zaidi ya pauni milioni 30, na reli ikang'olewa miaka michache baada ya uhuru. Wapangaji walikuwa na hesabu nyingi, lakini maarifa ya wakulima wenyeji kuhusu mvua na udongo hayakupewa uzito.

Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Tunaukumbuka kwa jembe, tukasahau kwamba ulitaka pia wanafunzi watunze hesabu za shamba la shule, washiriki kuamua kilimwe nini, na washauriane na walimu juu ya matumizi ya mapato. Uamuzi huo ndio uliokuwa somo. Katika shule nyingi jembe lilibaki mikononi mwa mwanafunzi na daftari likabaki ofisini. Shamba likageuka adhabu. Wahenga walikwisha kuonya: mali bila daftari huisha bila habari.

Hasara ya kuliacha somo hilo ilionekana katika msimu wa korosho wa 2018. Wakulima walipozikataa bei za mnada, serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Hapo likazuka suala la kangomba, yaani watu walionunua korosho za wakulima kwa bei ya chini nje ya mfumo rasmi.

Tuchukue mfano wa darasani. Mama mwenye mgonjwa anauza kilo kwa shilingi 1,500 kabla ya mavuno. Mnunuzi anakuja kupata 3,300. Mwanafunzi akikokotoa ataona faida ya asilimia 120 kwa miezi michache. Hiyo ni hesabu. Maadili yanaanza anapoulizwa: je, mnunuzi huyu ni mnyonyaji, au ndiye pekee aliyekuwa tayari kumkopesha mama yule? Tukimpiga marufuku, nani atalipia dawa? Na ushirika wa wakulima ulikuwa na wajibu gani kabla ya siku hiyo?

Kijana asiyewahi kujadili maswali haya ndiye kesho atakayekuwa karani wa ghala, katibu wa chama cha msingi au afisa wa halmashauri. Atajua kujumlisha, lakini hatakuwa na mazoea ya kuuliza ni nani anayebeba hasara.

Kwa hiyo, ndugu zangu watumishi wa elimu, pa kuanzia ni padogo. Shule yenye mikorosho ibandike ubaoni mapato na matumizi yake, na wanafunzi wakae kikao kuamua sehemu ya fedha hizo. Huenda wakakosea. Kosa la shilingi 50,000 shuleni ni nafuu kuliko kosa la mamilioni ushirikani.